Bustani Yako ya Sebuleni

Tata mpendwa,

Shefu yuko mzima. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mama, kabla ya habari za mvua, kabla hata ya kuuliza kwa nini binti yako ameamua kukuandikia barua itakayosomwa na kila mtu. Yuko mzima. Ana majani tisa, na la kumi linachungulia. Lakini miezi michache iliyopita alikuwa anakufa, na aliyekuwa anamuua ni mimi, kwa mikono yangu miwili, nikidhani namtendea wema. Ndiyo sababu ya barua hii.

Wasiokujua niwaeleze kidogo, usinikasirikie. Shefu si mtu. Ni mmea wenye majani mapana, mazito, yanayong'aa kama viatu vya Jumapili, na siku uliyomleta nyumbani alikuwa kijiti chenye majani mawili ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ulimpa jina la mkubwa wako wa kazi kwa sababu, ulisema, naye alipenda kukaa karibu na dirisha bila kufanya kitu. Wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa mgodi, ila hukuwa mtu wa shimo. Miaka yako yote ulifanya kazi na watu wa jiolojia. Uliwabebea nyundo na mifuko ya sampuli, ukatembea nao porini, wao wakisoma mawe na wewe ukisoma majani yaliyoota juu ya mawe hayo.

Nyumba yetu ni ile ile, katika moja ya mitaa ya Kolwezi. Jina la mtaa sitaliandika, wala namba. Wewe unajua kwa nini. Wengine watajua mbele.

Nakumbuka asubuhi zako. Saa kumi na mbili ulikuwa umeshaamka, fulana nyeupe, kandambili, na kile kitambaa ulichokata kwenye shati lako la zamani la kazi. Vumbi la Kolwezi halibishi hodi, na kila asubuhi lilikuwa limeshalala juu ya meza, juu ya redio, juu ya kila jani. Ulikuwa ukianza na Shefu, kisha wale wenye majani marefu yaliyosimama wima, kisha begonia za mama, kisha ule mmea unaotambaa uliouzungusha kwenye misumari mpaka ukafika juu ya picha ya komunyo ya mdogo wangu Banza. Jani moja moja. Mkono wa kushoto unalishika kwa chini, wa kulia unafuta. Siku niliyojaribu mara ya kwanza nililivuta jani mpaka likachanika, nami nikangoja unigombeze. Hukunigombeza.

"Uweke kwanza mukono ku chini, Ngoie," uliniambia. "Isikie iko na mutu."

Maji ya bomba uliyaacha kwenye beseni siku nzima, "yapumzike". Maji ya mvua uliyaficha kwenye madumu kama mtu anayeficha pombe. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa nyumbani kwetu hata siku moja. Na alasiri, saa ile wanapopasua mawe kwa baruti kule kwenye shimo kubwa la mgodi, ulikuwa ukiyatoa makopo yote dirishani na kuyaweka sakafuni, unasubiri vioo vimalize kutetemeka, kisha unayarudisha, kila moja mahali pake, kila moja na uso wake kwenye mwanga. Nilidhani baba wote wa Kolwezi wanafanya hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu nilipogundua kwamba baba wengine saa hiyo wanalala tu.

Mama hakukupa nafasi. "Weye uliowa mi ao uliowa majani?" alikuwa akikuuliza mbele ya wageni.

"Niliowa mweye bote," ulijibu, hujageuka hata. "Ila weye njo unasemaka."

Jambo ambalo watu hawakulielewa ni kwamba bustani yako yote ilikuwa ndani. Jirani zetu walikuwa na kitu uani: mihogo ya sombe, mchicha wetu wa lenga-lenga, mpapai, hata mahindi mistari mitatu. Kwetu uani hapakuwa na kitu. Ulipostaafu, watu walidhani utanunua televisheni. Wewe ulinunua sementi ukasakafia uwanja wote, kutoka ukuta hadi ukuta. Mama alililia sombe yake siku mbili nzima, ingawa kusema kweli sombe yenyewe haikuwa sombe ya kujivunia. Ilikuwa inadumaa na kugeuka manjano, na kila alipolalamika wewe ulikuwa na jibu moja tu: "Bulongo ya apa imechoka."

Kwa hiyo udongo wa makopo yako uliufuata mbali. Jumamosi, mara moja kila baada ya miezi michache, ulipanda baiskeli na mfuko mtupu ukaenda nje ya mji, upande wa mto Lualaba, kwenye bustani ya mboga ya mzee mmoja mliyekuwa marafiki tangu ujana. Banza, zamani akiwa bado mtoto, ulimkalisha mbele kwenye fremu. Mlirudi mchana na mfuko wa udongo mweusi, unyevu, unaonukia mto, wewe umelowa jasho na Banza amelala na kichwa juu ya usukani. Nilikuuliza mara nyingi. Tata, bulongo si iko apa? Tunaikanyaga kila siku. Nawe ukanipa lile jibu lako, umechoka, nami nikaona kwamba aliyechoka ni wewe.

Kulikuwa na jambo jingine. Wewe, uliyeokota kipande cha begonia kilichovunjika kwenye uwanja wa kanisa ukakifunga kwenye leso yako wakati wa mahubiri, ulikuwa na adui mmoja katika mimea yote. Kijani kidogo, kifupi, chenye maua ya zambarau na shina la pembe nne. Kilipenda kuota kwenye ufa nyuma ya jikoni, pale sementi ilipokutana na ukuta. Kila ulipokiona ulikitoa na mizizi yake yote, ukakichoma. Mimi nilikipenda kwa maua yake. Siku moja nilikichuma nikakiweka kwenye glasi mezani. Ulikichukua, ukakitia motoni, kisha ukaniletea ua la begonia ulilokata mwenyewe, na begonia ile mama alikuwa haruhusu hata nzi aiguse.

Sasa nafika mahali pagumu, lakini nimejiahidi kusema yote.

Unakumbuka mwaka ule mshahara ulipokuwa haufiki, na Banza akarudishwa nyumbani kutoka shuleni, na mwaka uliofuata hakurudi tena? Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, mimi ambaye leo nalipwa kwa kuandika barua za watu ofisini Manika. Alikwenda kwenye machimbo ya Musonoi kuchimba na wenzake, wale vijana waliotoka kila pembe ya Congo. Hukumkataza. Hukumbariki pia. Ulichofanya ni kumngoja kila jioni pale barazani na ndoo ya maji, ukamvua mabuti, ukayaosha wewe mwenyewe, baba ukiosha mabuti ya mwanao, na yale maji ukaenda kuyamwaga mbali mtaroni. Jirani walisema unamdekeza. Miaka kumi Banza amechimba mashimo ya watu. Jiwe lilimwangukia begani, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haupandi kupita sikio.

Ulipougua, ugonjwa wako haukuchukua muda. Siku ya mwisho uliyozungumza vizuri uliniambia mambo mawili. Nifute majani. Na udongo, "usikose kwenda kule." Nikasema ndiyo, tata. Nilidhani ni homa inasema.

Basi. Misimu miwili ya mvua ikapita. Nilifuta majani, Mungu ni shahidi. Lakini kule sikwenda. Baiskeli ilikuwa na pancha, barabara imejaa malori ya migodi, ofisini kazi imezidi, na mama magoti yanamuuma. Sababu zilikuwa nyingi na zote nzuri. Kiangazi hiki kilichopita Shefu alikuwa ameshaijaza ndoo yake ya rangi mpaka mizizi inatoka kwenye matundu ya chini kutafuta njia. Nikatafuta ndoo kubwa zaidi. Nikaitoboa kwa msumari kama ulivyonifundisha. Kisha nikaenda nyuma ya jikoni, pale kwenye ufa ambao sasa ulikuwa umepanuka hadi mkono unaingia, nikachota udongo wa kwetu. Nilijiona mjanja sana. Udongo wenyewe ulikuwa mzuri, una rangi rangi, nikajisemea kumbe tata alikuwa anajitesa bure na ile baiskeli.

Wiki ya tatu Shefu akaanza kugeuka manjano. Si manjano ya uzee, yale yanayoanza na jani moja la chini. Majani yote kwa pamoja, manjano katikati, mishipa imebaki kijani. Jani jipya likatoka limejikunja na halikufunguka. Nilimpa maji ya mchele. Nikampa maganda ya mayai. Nikamsogeza dirishani, nikamtoa dirishani. Nilimwombea, tata, nilimtaja Shefu katika rozari, na mama alinisikia akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili moja Banza alikuja kula, kama anavyofanya akitoka misa. Alikuwa amesimama sebuleni na sahani yake ya bukari, ugali wetu wa huku, mkononi, akageuka kumtazama Shefu, akaacha kutafuna. Aliweka sahani chini. Alichota udongo kidogo kwenye ndoo, akausugua kwa vidole, akautia ndani ya glasi ya maji, akaukoroga, akaumwaga taratibu hadi likabaki tope la chini, kisha akaiinua glasi kwa mkono wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya glasi kulikuwa na punje za kijani, na punje nyeusi.

"Hii bulongo ulitosha wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Unauliza juu ya nini?"

Alitoka, nami nikamfuata. Alichuchumaa kwenye ufa. Kile kijani chenye maua ya zambarau kilikuwa kimeota tena, kimestawi, kwa sababu mimi sikuwahi kukitoa. Mimi nilikuwa nakipenda. Banza alikishika kwa vidole viwili.

"Fasi inaota hii, sisi tunachimbaka bila kuuliza mutu," alisema. "Ngoie. Matière iko chini ya nyumba." Ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mawe yenye shaba na kobalti.

Tata, nilisimama pale na yote yakanijia kwa mara moja. Sementi. Sombe iliyodumaa. Kijani ulichokichoma. Mabuti yaliyooshwa nje na maji yake kumwagwa mbali, ili mtu asije akaona tope la kijani uani kwetu akaanza kuuliza imetoka wapi. Baiskeli. Udongo ambao haukuchoka hata kidogo, ila ulikuwa umejaa shaba na kobalti kiasi cha kuunguza mizizi. Bustani nzima iliyohamishiwa ndani ya makopo, ndani ya nyumba, ili mtu akipita njiani asiione mimea yetu ikinyauka na kujua kinachoinyausha. Ulikuwa unaficha. Miaka yote hiyo nilidhani una wazimu kidogo wa maua, nami niliupenda wazimu huo, kumbe ulikuwa mlinzi.

Na nilikukasirikia. Sijawahi kukukasirikia hivyo ukiwa hai. Nilimtazama Banza amechuchumaa na bega lake lililoganda, nikawaza kwamba miaka kumi alikuwa akienda Musonoi kutafuta katika mashimo ya wengine kile kilichokuwa chini ya kitanda chake. Wewe ulijua. Ulimvua mabuti na ulijua. Ungeweza kusema neno moja, akarudi shuleni.

"Usiambie mutu," Banza alisema. "Ata mama." Akaondoka bila kumaliza bukari, na simu yake ikazimika.

Wiki ile sikuwa mtu. Wasomaji wa hapa kwetu wanajua ninachoogopa. Tumeona mitaa ya namna hiyo. Mtu mmoja anachimba shimo la choo, anakuta jiwe la kijani, anamwambia shemeji yake. Mwezi haujaisha, kila nyumba ina turubai, na chini ya kila turubai kuna shimo, na mashimo yanakutana chini kwa chini hata mtu hajui anachimba kwa nani. Watu wanalala juu ya utupu. Halafu ukuta unapasuka, halafu nyumba inakaa chini kama mtu aliyechoka. Na mama yuko ndani ya nyumba hii, mama anayesema kwamba ataitoka kwa kubebwa tu. Banza ana haki. Ndilo lililonitisha zaidi. Angekuja na wenzake na mabeleshi, ningemwambia nini? Kwamba asichimbe, yeye ambaye hatukumwuliza alipoanza?

Sitajifanya mtakatifu. Mimi pia, nikiwa ofisini mbele ya mashine, nilitazama ukutani nikawaza paa letu linalovuja, magoti ya mama, na kuchimba chumba kimoja tu cha nyumba. Kimoja kidogo, cha nyuma. Nani angejua? Kisha nikakumbuka kwamba kila mtu huanza na kimoja cha nyuma.

Kazi moja niliyoweza kuifanya wiki ile niliifanya. Nilimtoa Shefu kwenye ndoo, nikamwosha mizizi kwenye beseni, mara tatu, kwa maji yaliyopumzika. Mizizi mingi ilikuwa imekuwa kahawia na mifupi, kama iliyounguzwa. Nikachemsha mkasi, nikakata iliyokufa, nikamsimamisha ndani ya jagi la maji ya mvua. Majani saba yakaanguka. Alibaki na manne.

Jumamosi nikasikia pikipiki mlangoni. Banza ameshuka kwenye taxi-moto, na kwenye kiti cha nyuma kuna mfuko mkubwa uliofungwa kwa mpira, na juu ya mfuko kuna beleshi. Niliona beleshi tu. Nilisimama mlangoni, mikono miwili kwenye fremu, kama golikipa.

"Banza, mama eko mu nyumba."

"Minajua."

"Apa hautachimba."

"Ngoie, unipishe. Hii kintu iko zito."

Akapita chini ya mkono wangu. Aliuweka mfuko katikati ya sebule, akafungua mpira, na harufu ikatoka kabla sijaona kitu. Mto. Udongo mweusi, unyevu, wa kule kule. Nilikaa kwenye kiti chako na kulia kama mtoto, na Banza akanitazama kwa ile sura yake ya kuona haya kwa niaba ya mwingine.

"Ulijuaje njia?" nikamwuliza.

"Si nilikuwaka ku baiskeli? Minajua ata mashimo ya barabara." Akakaa sakafuni. "Muzee wa bustani aliniuliza tata eko wapi, mbona haonekanake tena. Nikamwambia. Alijaza mufuko ye mwenyewe. Alikatala nimusaidie."

Nilingoja. Banza hapendi kuvutwa, kama majani.

"Nilikuwa na kasirani siku tano," akasema mwishowe. "Nilitaka kuenda ku kaburi nimutukane. Kisha nikakumbuka kazi moja tulifanyaka. Tulichimba mu salon ya batu, Ngoie. Mu salon, sawa na hii. Picha ya ndoa ilikuwa bado ku ukuta. Tulianzia pale kiti ya tata yao ilikuwaka. Leo ile nyumba haiko, na ile tata eko anapanga chumba. Basi nikawaza: kama tata angetuambia, nani angechimba? Mi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ningechimba na meno. Na ningeanzia wapi?" Alinyoosha kidole kuelekea chumba cha mama.

Mama, ambaye wakati wote huo alikuwa amekaa kwenye kona yake akichagua maharagwe, ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa:

"Muloweshe kwanza na mayi ya mvua. Tata yenu hakutiaka bulongo mukavu. Na ile ufa ya nyuma ya jikoni, mulikawia kuziba."

Tukatazamana, Banza na mimi. Mama akatupa kokoto moja kwenye sahani.

"Munaniangalia nini? Munawaza nililia juu ya sombe?"

Kwa hiyo alijua. Nimemwuliza tangu siku ile mlizungumza nini nyie wawili, na jibu lake ni kwamba mambo mengine mtu na mkewe hawayazungumzi, wanayasakafia. Nilitaka kukasirika upya. Nikakuta hasira imeisha, au imechoka kama ule udongo wako wa uongo.

Beleshi lilikuwa kwa ajili ya sementi. Banza aliikoroga pale uani kwa mkono mmoja na nusu, tukang'oa kile kijani na mizizi yake, nikakichoma mimi mwenyewe, na tukaziba ufa. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kuishi Kolwezi. Hapa usipoziba ufa hutabaki na ukuta wa kujenga. Ule udongo wa ndoo tuliufunga kwenye mfuko, naye akaubeba hadi Musonoi akaumwaga kwenye lundo la mawe la watu wote, ambako hakuna atakayeuliza umetoka wapi. Shefu tulimpanda jioni ile ile, mama akisimamia, kila mmoja akijifanya yeye ndiye aliyekujua zaidi.

Nimeandika barua hii wazi kwa sababu si sisi tu. Najua kuna nyumba nyingine katika mji huu zenye uwanja uliosakafiwa na sebule iliyojaa majani, na ndani yake kuna mzee anayekwenda mbali kufuata udongo, na watoto wanaomcheka. Mimi siwaombi watoto wale waulize. Nawaomba wazee. Semeni, kabla ya homa. Kwa maana hili, tata, bado nina neno nawe: ukimya wako ulitutunzia nyumba, lakini Banza ameubeba begani bila kuambiwa anabeba nini. Nakupenda, na bado ninalo neno hilo. Siku tukikutana tutalimaliza.

Sasa nikwambie habari za Jumapili zetu. Banza anakuja akitoka misa, tunakula, kisha anachukua kile kitambaa cha shati lako. Anaanza na Shefu kama wewe. Majani ya chini anayafuta peke yake. Kwa ya juu bega linamkatalia, basi mimi napanda kwenye kigoda, natia kiganja changu chini ya jani nalishusha hadi usawa wa mkono wake, naye anafuta. Inachukua muda mrefu. Kazi uliyoifanya peke yako sasa inataka watu wawili, na mama wa kutukosoa.

Pumzika, tata. Majani ya juu pia tumeyafuta.

Binti yako,
Ngoie